Labrador wako ana tatizo gani? Dalili na vyanzo vyake kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Wanaonitafuta kwa shida za mbwa wao wa Labrador karibu wote huanza na neno moja: "ameharibika". Amekula viatu, ameiba samaki, hataki kubweka, amelala tu. Nimefuga mbwa wa aina hii Mikindani kwa miaka 11, na nikikaa na mwenye mbwa nusu saa, mara nyingi tunakuta mbwa hajaharibika hata kidogo. Anafanya kazi ya babu zake mahali ambapo hakuna aliyemtuma. Wachache ni wagonjwa kweli, na hao ndio huchelewa kutibiwa, kwa sababu nyumba nzima imeshazoea kusema "ndivyo alivyo".

Kwa hiyo kwa kila dalili jiulize kwanza: ilianza lini? Anachokifanya tangu mdogo ni tabia ya ukoo wake, na dawa yake ni malezi. Kilichoanza juzi kihesabu kuwa ugonjwa, sumu au jeraha, mpaka daktari wa mifugo akwambie si hivyo.

Anampokea mwizi kwa mkia

Hili ndilo lalamiko la kwanza. Mtu amenunua mtoto wa mbwa Dar es Salaam kwa fedha nyingi, akamleta Mtwara kwa matumaini ya kupata mlinzi. Mwaka umekwisha, mbwa ana kilo 30 na kifua kipana, na mgeni wa usiku akiruka ukuta anaendewa mbio na kulambwa mikono.

Chanzo kiko mbali sana na Mtwara. Babu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, Kanada, wakiitwa mbwa wa St. John's kwa jina la bandari ya huko. Walirukia bahari ya baridi kali, wakakamata samaki aliyechomoka kwenye ndoana, wakavuta kamba za nyavu. Mwanzoni mwa karne ya 19 vyombo vya wafanyabiashara wa samaki viliwafikisha Poole, kusini mwa Uingereza, na mabwana wenye mashamba ya kuwindia wakawapenda. Earl wa Malmesbury aliwazalisha kwake, na katika miaka ya 1880 baadhi yao wakapelekwa kwa Duke wa Buccleuch, Scotland. Mbwa wawili wa wakati huo, Ned na Avon, wanahesabiwa kuwa mababu wa Labrador wa leo. Huko kazi ikabadilika: mbwa akae kimya kando ya mwindaji, bunduki ilie asishtuke, ndege akianguka amfuate hata majini, kisha amlete mdomoni bila kumtoboa. Kennel Club, chama cha Uingereza kinachosajili aina za mbwa, kiliitambua aina hii mwaka 1903.

Maana yake ni kwamba kwa vizazi vingi aliyechaguliwa kuzaa ni yule asiyebweka ovyo, asiyeogopa kishindo, na anayekubali kufanya kazi katikati ya watu na mbwa asiowajua. Ukimnunua ili aume watu, umenunua wavu ukitaka mkuki.

Usimfunge mnyororo mchana kutwa ili "awe mkali". Kumfunga hakumfanyi mlinzi, kunamfanya mwoga, na mbwa mwoga humuuma mtoto wa jirani kabla hajamwona mwizi. Kilichonisaidia mimi ni kumlea Pweza, dume wangu, pamoja na jike wa kienyeji. Jike ndiye mwenye masikio. Akibweka, Pweza naye anatoka na sauti yake nzito, na mtu aliye nje ya ukuta hajui yupi ni yupi.

Anawarukia watu

Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu kwenye miji yetu jambo hili linavunja ujirani kuliko wizi wa samaki. Majirani wengi wa Lindi na Mtwara ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: palipoguswa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Na Labrador ni mbwa wa mdomo na ulimi. Kazi yake yote ilikuwa ya kinywa, ndiyo maana akifurahi anataka kukushika mkono kwa meno bila kuuma, au akuletee kitu.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, anayepita kwangu kila alasiri kwenda msikitini, aliwahi kuniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "mbwa wako simchukii. Lakini kanzu yangu ni hii moja." Sikuwa na jibu. Wiki ileile nikajenga uzio wa fito, banda likahamia nyuma, mbali na njia. Tangu siku hiyo mgeni akipiga hodi, mbwa anafungiwa kwanza ndipo anaambiwa karibu.

Uzio ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kwamba mbwa huruka kwa kuwa kuruka kunamlipa: akiruka anashikwa, anasemeshwa, hata kufokewa kwake ni kusemeshwa. Mgeuzie mgongo, mikono chini, kimya. Miguu yote minne ikitua, mpe neno jema na kipande cha dagaa. Nyumba nzima ifuate sheria moja. Watoto wakimruhusu jioni na wewe ukamkataza asubuhi, hatajifunza. Kwa mbwa wa miezi sita hesabu wiki kadhaa; aliyelelewa vibaya mpaka miaka mitatu hesabu miezi.

Anakula, anakula tena, na bado anakuangalia

Wengi hudhani ni minyoo. Inaweza kuwa minyoo, hasa kama amekonda huku tumbo limejaa, kwa hiyo mpe dawa ya minyoo kwa uzito wake sahihi. Lakini Labrador mnene anayelia njaa ana maelezo mengine. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waligundua kwamba karibu robo ya mbwa wa aina hii wana kasoro kwenye jeni inayoitwa POMC, ile inayohusika na kuuambia ubongo kuwa chakula kimetosha. Utafiti wa 2024 uliongeza kuwa wenye kasoro hiyo wakipumzika hutumia nishati pungufu kwa karibu asilimia 25. Njaa yake ni ya kweli, ila mwili wake hauhitaji chakula hicho.

Na unene unawaua. Marekani walichukua Labrador 48, wakawapanga wawili wawili, mmoja wa kila jozi akala asilimia 25 pungufu ya mwenzake maisha yake yote. Matokeo yalitolewa 2002: waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, kama miaka 13 badala ya 11, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Nikiona Labrador wa Shangani anatembea kama pipa huku mwenyewe akijivunia kwamba "anashiba", naumia.

Kipimo hakihitaji mzani. Pitisha viganja mbavuni. Ukizihisi mbavu bila kubonyeza, na ukimtazama kwa juu kiuno kinaonekana, yuko sawa. Kama unazitafuta mbavu, punguza. Mimi nampa ugali wa dona uliosongwa pamoja na dagaa au vichwa vya samaki waliochemshwa na kuchambuliwa miiba, na mboga kidogo bila kitunguu, kwa sababu kitunguu huharibu damu ya mbwa. Anakula mara mbili kwa siku, kwa bakuli lilelile. Ugali mtupu wa muhogo unajaza tumbo tu; usiwe ndio chakula chake.

Njaa hiyohiyo ndiyo chanzo cha dharura nyingi za kwetu. Msimu wa maembe anameza kokwa zima. Msimu wa mahindi anameza gunzi. Vyote viwili huziba utumbo. Akitapika mara kwa mara, maji hayakai tumboni, choo hakitoki na mgongo ameukunja, huyo si wa kusubiri kesho, kwa sababu utumbo ulioziba hufunguliwa kwa upasuaji. Msimu wa korosho una mawili yake. Mafuta ya ganda la korosho mbichi yanaunguza, wanaobangua kwa mikono wanayajua vizuri, na mbwa akitafuna huvimba midomo na kutoa vidonda ulimini: msukutue kwa maji mengi na usimpe chakula kigumu. Halafu kuna mabibo yaliyoanguka na kuchacha chini ya mikorosho. Yana kilevi, na mbwa mwenye pupa akiyala anayumba, anatapika, analala asiamke vizuri.

La kuogopa kuliko yote liko ufukweni. Wavuvi wakivuta nyavu humtupa bunju mchangani kwa kuwa hafai kuliwa, na Labrador ameumbwa kuokota kinachotupwa ufukweni. Sumu ya bunju hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Kama ameonekana ametafuna bunju, usingoje dalili. Mkimbize kwa daktari wa mifugo. Mimi kwenye fukwe za wavuvi Pweza hatembei bila kamba, na nimemfundisha neno "toa" tangu ana miezi mitatu, kwa kumbadilishia: akiachia kitu mdomoni anapewa kizuri zaidi. Ukimnyang'anya kwa nguvu unamfundisha kumeza haraka.

Ameanguka katikati ya mbio

Kuna maanguko mawili, na kuyachanganya kunaua.

La kwanza ni joto. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na kuhema hakusaidii sana hewa ikiwa imejaa unyevu. Kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, hewa ya pwani yetu ni hiyohiyo ya unyevu, na huyu ana manyoya ya tabaka mbili yaliyotengenezwa kwa bahari ya barafu. Dalili: ulimi umetanuka na kuning'inia, mate mazito, ufizi mwekundu sana, anayumba, anatapika, macho yanaduwaa. Joto la mwili la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mpeleke kivulini na mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, tena na tena, huku mtu mwingine akimpepea. Usimfunike kanga iliyolowa, itafungia joto ndani. Mpoze kwanza, ndipo utafute bodaboda au bajaji ya kumpeleka kwa daktari, hata kama ameshasimama.

La pili hutokea kwa kijana mwenye afya, miezi mitano hadi miaka mitatu hivi, baada ya dakika 5 hadi 15 za mchezo wa vurugu, hasa kurushiwa mpira. Miguu ya nyuma inalegea, anaiburuta, lakini akili ni timamu na anataka kuendelea. Baada ya nusu saa amerudi kama kawaida. Hii ni hitilafu ya kurithi kwenye jeni ya DNM1. Haina dawa, ila dalili ya kwanza ikionekana simamisha mchezo papo hapo, maana wapo waliokufa kwa kuachwa waendelee, na usimzalishe. Matembezi ya taratibu hayamdhuru. Kama hujui ni anguko lipi, mhudumie kana kwamba ni joto.

Mazoezi yake yawe kabla ya saa moja asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni. Weka kiganja chako kwenye lami. Ukishindwa kukiacha hapo, nyayo zake nazo zitaungua.

Baada ya bahari

Labrador asiyeogelea ni wa kusikitikiwa, kwa hiyo mpeleke. Pale Msanga Mkuu wavuvi walikuwa wakinipigia kelele, "Mjomba, mwite mbwa wako, anavuta juya letu!" Kwa kweli alikuwa akivuta upande uleule wanaovuta wao. Nikiwaeleza babu zake walikuwa akina nani, wazee wa juya walitazamana, na mmoja akasema basi alipwe samaki.

Kesho yake ukikuta mkia umeanza kwa kunyooka vidole vichache kisha unaning'inia kama kamba iliyolowa, na akiguswa shinani analia, haujavunjika. Ni misuli ya shina la mkia iliyochoka kwa kuogelea kupita kiasi, na mapumziko ya siku chache hadi wiki yanatosha. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

Kama anatikisa kichwa, anajikuna sikio na lina harufu ya uchachu na nta ya kahawia, chanzo ni unyevu. Masikio yake yamelala, hewa haipiti, fangasi wanastawi. Kila atokapo majini msuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ukaushe ndani ya sikio kwa kitambaa kikavu kwa kadiri kidole kinavyofika, si zaidi. Mafuta ya taa, ndimu na mafuta ya nazi visiingie humo. Sikio likivimba kama mto mdogo, damu imevujia ndani kwa kujipiga. Hilo ni la daktari.

Kuhara maji baada ya ufukwe mara nyingi ni maji ya chumvi aliyoyameza akishika mpira. Beba chupa ya maji baridi umnyweshe kila baada ya muda mfupi. Akianza kuyumba au kukakamaa, chumvi imezidi kwenye damu, na hiyo ni hatari ya kweli.

Amenyong'onyea, hataki kula

Labrador anayekataa chakula ni mgonjwa. Kwa aina nyingine ya mbwa ningesema subiri siku moja. Kwa huyu usisubiri.

Pwani yetu mtuhumiwa wa kwanza ni kupe. Tazama ufizi na mkojo. Ufizi mweupe na mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola ni dalili ya vijidudu vinavyopasua chembe za damu. Kutoka damu puani na madoadoa mekundu tumboni ni maradhi mengine ya kupe. Dawa zake ni tofauti, ndiyo maana sitaji dozi hapa: damu ipimwe kwanza. Kinga iko mikononi mwako kila jioni, nyuma ya masikio, kwapani, kati ya vidole. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiichanganye kwa kipimo cha ng'ombe ukamwogeshea mbwa.

Wa Liwale na vijiji vya Nachingwea vinavyopakana na pori wana jambo la ziada, nalo ni ndorobo. Homa inayokuja na kuondoka, uso uliovimba, na jicho lililoingia ukungu wa buluu kama maziwa yaliyozimuliwa: mwambie daktari apime nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, asiishie kutibu jicho.

Kwa mtoto wa mbwa, kutapika na kuhara damu yenye harufu kali ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua haraka, mpaka ithibitike vinginevyo, na saa zinahesabika. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Aliyechanjwa mara moja tu hajakingwa.

Anaruka kama sungura

Ana miezi sita, akikimbia miguu ya nyuma inakwenda pamoja, akiamka anajivuta. Ni nyonga ambazo hazikukaa vizuri kwenye tundu lake. Hurithiwa, kwa hiyo kabla ya kununua omba kuwaona wazazi wakitembea. Lakini unene na sakafu ya tailizi huzidisha. Mtandikie jamvi, mpunguzie chakula, asipandishwe ngazi kwa mchezo. Kuogelea kunamfaa kuliko kukimbia.

Manyoya nyumba nzima

Ni kawaida. Mchane mara mbili kwa wiki, usimnyoe: tabaka la juu linamkinga na jua pia. Wanaoniuliza kuhusu Golden Retriever, yule mwenye nywele ndefu aliyeanzishwa Scotland na Lord Tweedmouth kwa uzao wa 1868, nawaambia ukweli: ni mbwa mwema sana, lakini kwa mbigili na kupe wa huku kazi yako ya jioni itaongezeka maradufu.

Amebadilika ghafla

Nimeiweka mwisho ili uikumbuke. Tabia ya Labrador haibadiliki kwa siku mbili. Mpole akianza kuuma hewa, mchangamfu akajificha gizani, mlafi akaangalia maji bila kuweza kumeza, taya ikalegea na mate yakatiririka, sauti ikawa ya kukwaruza, fikiria kichaa cha mbwa kabla ya kitu kingine chochote. Wengi hudhani amekwamwa na mfupa na kuingiza mkono mdomoni. Usiingize.

Mfungie mahali peke yake bila kumshika, watoto waondoke, mwite afisa mifugo wa kata. Chanjo hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi yake uitunze; karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, uliza ofisi ya mifugo kama kuna zoezi la kuchanja mtaani kwenu. Aliyeumwa, au mate yakamgusa kwenye mchubuko, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama kidonda ni kidogo, kisha aende kituo cha afya au hospitali, Ligula akiwa Mtwara au Sokoine akiwa Lindi, siku hiyohiyo, aeleze kuwa ameumwa na mbwa na aulizie sindano. Zikianza, zimalizwe kwa tarehe zote alizoandikiwa, hata kama kidonda kimeshapona.